Mbwa wako kamrarua mbwa wa jirani? Hela ya dawa peke yake haitoshi

Leo tuongelee kitu ambacho sisi wa Tarime na Serengeti tumekiona tangu utotoni na wengi wetu hatujawahi kukichukulia kwa uzito. Mbwa wako katoka usiku, kafika boma la jirani, kamrarua mbwa wa watu. Asubuhi mwenye mbwa yuko mlangoni kwako na fimbo mkononi, na hajaja kusalimia. Unafanyaje?

Tunajua inavyokwenda. Mnarushiana maneno, mzee mmoja anawatuliza, unatoa hela ya dawa ya kidonda, mnapeana mikono, yamekwisha. Siku nne baadaye mbwa wako anakufa. Unamfukia nyuma ya zizi kimya kimya. Ya nini kutangaza? Si mbwa wako mwenyewe?

Hapo ndo penye kosa, na ndo sababu nimekaa kuandika haya. Ile hela ya dawa ilikuwa sehemu ndogo tu ya deni lako. Sehemu kubwa ni taarifa: jirani alitakiwa ajue kwamba mbwa aliyemng'ata wa kwake amekufa siku ya nne. Kwa sababu huyo wa kwake bado yuko hai, analala mlangoni, na watoto wanacheza naye.

KWANZA, KWA NINI KANG'ATA?

Huku kwetu mbwa hafugwi kwa urembo. Ni mlinzi wa zizi. Anatoka na wachungaji asubuhi, usiku analala nje akisikiliza wezi wa ng'ombe na fisi. Kwa hiyo ugomvi wa mbwa ni jambo la kawaida kabisa: jike liko kwenye joto, kuna mfupa, kundi la ng'ombe wageni limepita na mbwa wao. Ugomvi wa namna hiyo una sababu unayoweza kuionesha kwa kidole. Mbwa walibweka, wakatunishiana manyoya, wakashikana, mmoja akakimbia, mwingine akarudi kwake na kula ugali wake kama kawaida.

Kichaa cha mbwa ni habari nyingine. Mbwa anabadilika tabia. Mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mnyonge na kujificha vichakani. Anaondoka kwake na kusafiri, anapita kijiji asichokijua, anang'ata mbwa, mbuzi, punda, hata kipande cha mti, mara nyingi bila kubweka. Sauti inakwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Mate yanatoka, taya linalegea, miguu ya nyuma inayumba. Na kuna hili la maji, naomba tulielewane: watu wanasema eti mbwa mwenye kichaa anaogopa maji, hivyo ukimwona anakunywa basi ni mzima. Si kweli. Woga wa maji ni dalili ya binadamu aliyeugua. Mbwa anaweza kuvuka mto na bado akawa na kichaa.

Kwa hiyo kabla ya kubishana nani alipe shilingi ngapi, swali la wote wawili liwe hili: alichanjwa lini, na jana na juzi alikuwaje? Kama unayo ile karatasi ya chanjo, itoe. Inaweza kukuokoa na mengi kuliko maneno yako yote.

HESABU ZENYEWE

Hizi si hadithi za vijiweni. Wilaya ya Serengeti ni moja ya sehemu ambazo kichaa cha mbwa kimefuatiliwa kwa karibu sana duniani. Tangu mwaka 2002 watafiti wamekuwa wakienda boma kwa boma wakiuliza: mbwa huyu aling'atwa na yupi, yule alitoka wapi, akamng'ata nani tena? Mpaka 2016 walikuwa wamechora ukoo mzima wa ugonjwa kwenye eneo lenye mbwa kama 50,000, na mwaka 2022 matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Science.

Kazi ya mwanzo mwanzo, iliyochapishwa mwaka 2009 na Katie Hampson na wenzake kutoka Serengeti na Ngorongoro, ilitoa namba ambazo kila mwenye mbwa anapaswa kuzijua. Mbwa ambaye hajachanjwa, aking'atwa na mbwa mwenye kichaa, nafasi yake ya kuugua ni karibu nusu kwa nusu. Kwa wastani inachukua wiki tatu hivi tangu kung'atwa mpaka dalili zionekane, ila wengine huchukua miezi. Na zikishaonekana, anaishi kama siku tatu tu.

Hebu zirudie taratibu. Wiki tatu! Kidonda kimeshapona. Hela ya dawa imeshasahaulika. Nyie wawili mnasalimiana vizuri mnadani. Ndipo mbwa wa jirani anapoanza kubadilika, na hakuna hata mmoja anayeunganisha na ule ugomvi wa usiku ule.

Jambo lingine: mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani anaambukiza mbwa mmoja na kidogo. Si wengi. Wagonjwa wengi hufa bila kuambukiza yeyote, halafu anatokea mmoja anazunguka na kuwang'ata wengi. Maana yake ni kwamba mnyororo huu si mgumu kukatika. Ukimfunga mbwa mmoja aliyeng'atwa, huenda umeukata wewe peke yako. Na ukinyamaza, huenda umeuendeleza wewe peke yako.

Namba ya mwisho ndo inayoniuma mimi. Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapatao 1,499 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa. Taarifa rasmi wakati huo zilikuwa zinaonesha watu kama 11 tu kwa mwaka. Waliobaki walifia nyumbani, njiani, kwa waganga, na familia zikaambiwa ni kurogwa au malaria imepanda kichwani.

SASA WEWE MWENYE MBWA ALIYENG'ATA

Usimuue papo hapo kwa hasira. Najua jirani anataka aone damu, na wewe unataka kuonesha kwamba umechukua hatua. Lakini mbwa aliye hai na amefungwa ni ushahidi mzuri kuliko aliyekufa. Mfunge kwa mnyororo, si kamba ya katani atakayoitafuna, mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki. Mpe chakula na maji kwa kumsogezea na mti mrefu. Mwangalie siku 10. Kama mate yake yalikuwa na ugonjwa siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataonesha dalili au atakufa. Akimaliza siku 10 anakula na kutikisa mkia, basi ule ulikuwa ugomvi wa mbwa tu, na mnaweza kurudi kwenye kuzungumzia hela ya kidonda kwa amani.

Kama tayari ana dalili, usijaribu kumkamata kishujaa. Mpigie afisa mifugo wa kata. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ana namba yake. Kama hamna budi kumuua ili asiendelee kung'ata, msimpige kichwani. Ubongo ndo unaopimwa kujua kama kilikuwa kichaa, na kichwa kilichopondwa kwa rungu kinaweza kisiseme kitu. Msimchune, msimtupe mtoni, msiguse mate yake kwa mikono mitupu. Subirini afisa aseme, ndipo mfukie shimo refu.

Halafu, hata kama ni usiku, nenda kwa jirani ukamwambie. Hii ndo sehemu ngumu kuliko zote. Ukisema "mbwa wangu amekufa", unajua kinachofuata: atadai zaidi, ataleta watu. Ndo maana wengi hunyamaza. Lakini Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa za magonjwa ya aina hii, kwa hiyo kunyamaza hakukulindi, kunakuongezea tu.

NA WEWE ULIYENG'ATIWA MBWA

Usikubali kufungwa mdomo na noti. Chukua hela ya dawa, sawa, ila dai pia kuoneshwa yule mbwa. Umwone siku ya kwanza, siku ya tano, siku ya kumi. Asipooneshwa, chukulia kwamba alikuwa mgonjwa.

Kumsafisha wako, vaa glovu, na kama huna, mifuko ya nailoni mikononi itasaidia, kwa sababu kwenye kile kidonda kuna mate ya yule mwingine. Kama mikononi una mchubuko, mwachie mwenzako asiye nao. Sabuni na maji mengi. Mambo ya kumwagia petroli au majivu ya betri achaneni nayo.

Kama mbwa wako alikuwa amechanjwa, anachomwa sindano nyingine haraka na kuangaliwa kwa siku 45. Kama hakuwahi kuchanjwa, na aliyemng'ata alikuwa na kichaa au hajulikani alikotoka, miongozo ya kitaalamu ni mikali: auawe kwa njia isiyo ya mateso, au atengwe kabisa kwa miezi minne hadi sita. Najua kumfunga mbwa wa zizi miezi sita huku wezi wanazunguka si mchezo. Ndo uchungu wenyewe. Ila kumwacha huru kwa kuwa kidonda kimepona ni kucheza bahati nasibu ambayo nusu ya tiketi zake ni kifo, na anayelipa anaweza kuwa mtoto anayemletea makombo jioni.

Kuna mtu mwingine huwa tunamsahau kabisa: yule aliyewaachanisha mbwa. Karibu kila ugomvi yupo, kaingiza mguu au mkono katikati, kapata mkwaruzo mdogo, kaufuta kwa jani na kuendelea na shughuli. Huyo aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kuonea haya, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaeleze. Chanjo ya binadamu huchomwa kwa awamu, siku tofauti, na ni ghali kwa mtu wa kijijini. Watafiti wa huku walikuta familia zinauza mifugo ili kuilipia, na wengine wanasafirishwa wilaya nyingine kwa sababu kituo cha karibu kimeishiwa. Piga simu kwanza uulize kama ipo, kisha panda gari. Ila usiahirishe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Mugumu hakuna, Tarime hakuna, Muhimbili hakuna, Ulaya hakuna.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi huuliza: naweza kushtakiwa kwa sababu mbwa wangu kamuumiza mbwa mwenzake? Polisi wanahusika zaidi pale binadamu anapokuwa hatarini. Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya mnyama wake kiasi cha kuhatarisha watu. Mbwa kwa mbwa, kwa kawaida ni suala la madai: fidia.

Na kwenye fidia kuna kanuni ya zamani tuliyorithi kwa Mwingereza, kwa kuwa Tanganyika ilipokea sheria yake ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kanuni hiyo inauliza swali moja: ulijua mbwa wako ana tabia hiyo? Mbwa anahesabiwa mnyama mpole kwa asili yake, kwa hiyo mdai anatakiwa aoneshe kwamba mwenye mbwa alishajua ukali wake, au kwamba alifanya uzembe wa wazi. Ndo maana malalamiko ya mwanzo ni muhimu. Kama jirani alishakwambia mara mbili mbele ya mwenyekiti kwamba huyu mbwa wako mfunge, mara ya tatu huna pa kujificha. Na ukishaambiwa leo kwamba mbwa wako alikutwa akiyumba na kutoa mate, kuanzia dakika hiyo wewe ni mtu anayejua.

Kwa upande wa pili, wewe mwenye hasira uliyekuja na panga: mbwa ni mali ya mtu. Kumuua au kumjeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi bila haki ni kosa la jinai. Kutega nyama yenye sumu ni hatari zaidi, maana haichagui nani ataila. Na wale vijana wanaowachonganisha mbwa wapigane ili wacheke, wajue nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mbwa akijeruhiwa kwenye mchezo wenu, msiseme ni bahati mbaya.

Kusema kweli, kesi chache sana za aina hii zinafika mahakamani. Nauli ya kwenda na kurudi Tarime mjini au Mugumu mara tatu inazidi thamani ya mbwa. Zinaishia kwa mwenyekiti wa kitongoji, au baraza la kata, ambalo tangu sheria ya mwaka 1985 kazi yake kubwa ni kupatanisha, au kwa wazee. Kwa Wakurya upo mkutano wa jamii unaoitwa iritongo, na maamuzi yake watu huyaogopa kuliko hati ya mahakama. Mimi siwadharau hata kidogo. Wanajua kupoza moto, na Tarime tunajua moto mdogo kati ya watu wawili unavyoweza kuwa wa koo mbili.

Ila nina lawama moja kwa vikao vyetu. Vinapima hasara iliyoonekana: kidonda, mbwa aliyekufa, mbuzi wa faini. Hasara ambayo bado iko njiani havina utaratibu nayo. Kikao kinafungwa siku ya pili, wakati ugonjwa una wiki tatu mpaka miezi. Ningekuwa na sauti pale, ningeomba kila suluhu ya mbwa iwe na masharti matatu kabla ya faini: aliyeng'ata afungwe siku 10 na aonekane, aliyeng'atwa achanjwe au atengwe, na yeyote ambaye mnyama wake atakufa amwambie mwenzake siku hiyo hiyo bila kuongezewa faini kwa kusema. Hilo la mwisho ndo muhimu. Mkimpiga faini anayesema ukweli, mnawafundisha wote kufukia usiku.

CHANJO, NA WALE JIRANI WASIO NA MABOMA

Dawa ya kweli ya ugomvi huu iko kwenye sindano. Kati ya 1996 na 2001 mbwa wa Wilaya ya Serengeti walichanjwa kwa kampeni. Kampeni ya kwanza ilifikia kama asilimia 64 hivi ya mbwa, na ugonjwa kwa mbwa ukashuka kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili ulikuwa umeshuka kwa asilimia 97. Watu waliong'atwa na mbwa washukiwa nao wakapungua. Tangu 2003 mbwa wa vijiji vilivyo ndani ya kilomita 10 kutoka mpaka wa hifadhi wamekuwa wakichanjwa bure.

Bure kwa sababu gani? Kwa sababu mbwa wetu wana jirani wengine. Mwaka 1994 homa ya mbwa, ugonjwa mwingine kabisa, iliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, yaani kama theluthi moja. Na mbwa mwitu walitoweka kwenye hifadhi mwaka 1991, kichaa kikiwa kati ya magonjwa yaliyowakuta. Wapo wanaonuna kwamba wazungu wanawajali simba kuliko sisi. Haya, na wanune, ila sindano ni ile ile, na inayemlinda wa kwanza ni mtoto wako.

Shida ni kwamba kampeni hupita mara moja kwa mwaka, na mbwa wetu hawaishi muda mrefu. Wanaozaliwa baada ya gari la chanjo kupita wanakaa wazi mpaka mwaka unaofuata. Wengine wanaacha watoto wa mbwa nyumbani wakidhani ni wadogo mno. Walete! Wanaruhusiwa. Na ukileta mbwa kutoka wilaya nyingine, ulizia chanjo yake kabla ya kumpakia kwenye gari, kwa sababu sehemu ya ugonjwa unaorudi Serengeti huja na mbwa waliobebwa na watu.

Kuna kitu kimenifurahisha miaka ya karibuni. Watafiti walithibitisha mwaka 2016 kwamba chanjo ya mbwa inabaki na nguvu hata ikikaa kwenye nyuzi joto 25 kwa miezi sita. Wakatengeneza chungu cha udongo kinachopoza bila umeme, na Mara ikawa sehemu ya kujaribu kuitunza chanjo kijijini mwaka mzima, badala ya kusubiri gari. Chungu! Kile kile cha bibi cha maji ya kunywa.

Nimalizie na kitu kimoja cha kufanya leo. Kama mbwa wenu aling'atwa, chukua mkaa uandike tarehe ukutani, nyuma ya mlango, na jina la mwenye mbwa aliyemng'ata. Hata kama kidonda kimepona na mmeshapatana. Mwezi wa tatu mtoto akikwaruzwa na huyo mbwa, mama yake akafika zahanati, muuguzi atamuuliza: mbwa huyu aliwahi kung'atwa na mbwa mwingine? Lini?